Dakika Kumi za Kumshusha Mama Mkwe

Nchi hii ilipofungua milango ya biashara, watu wengi walikimbilia kuingia. Mimi nilibaki pale pale mlangoni. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe tuligombana, lakini jambo moja nililiona kabla ya wasomi: mlango ukishafunguliwa, mwenye faida si yule anayepita, ni yule anayekaa pembeni na kitabu cha risiti.

Nilianza na baiskeli, navusha sabuni na mafuta ya kupaka kutoka upande wa Zambia kuleta Tunduma. Baiskeli ikazaa kibanda, kibanda kikazaa lori. Halafu ikatangazwa zabuni ya kukusanya ushuru wa stendi ya mabasi. Waliokuwa na diploma waliandika barua nzuri sana. Mimi niliandikiwa yangu na karani mmoja, nikaweka sahihi, nikashinda. Kuanzia hapo, ukiingia stendi kupanda basi unalipa, na ukiingia kumsindikiza anayepanda unalipa vilevile. Visingizio vyote nimevisikia kwa masikio haya.

"Bosi, namshusha tu bibi."

"Bibi mwenyewe mzito, lipa."

"Bosi, nachungulia tu kama basi limefika."

"Chungulia kwa hela."

Walinitungia jina la utani ambalo siliandiki hapa, maana wajukuu wangu wanajua kusoma.

Naeleza haya ili ieleweke kwamba mtu kama mimi halipi getini. Muuza samaki hanunui samaki. Nimepita mageti ya mazao, ya mizigo, ya minada, na mpaka wenyewe nimeupita mara ambazo hata mpaka umechoka kunihesabu, na kila mara nilipata njia ya kuzungumza. Kwa hiyo ule uwanja mpya wa ndege ulipofunguliwa huko mbele, ukishaipita Mlowo na kuteremka kuelekea Mbeya, nikasikia kuna geti linalotoza magari, nilicheka. Nilishapanda ndege pale, tena nilikuwa wa kwanza mtaani kwetu. Nilikwenda Dar es Salaam bila shughuli yoyote, nikanywa soda angani, nikarudi kwa basi kwa kuwa sikuwa na haraka. Lakini siku hiyo nilipelekwa na dereva wangu, na mambo ya geti aliyamaliza mwenyewe.

Safari ninayoisimulia ilikuwa ya mama mkwe. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, mpaka akawa anamsalimia mbuzi shikamoo. Mke wangu alimtafutia nafasi ya upasuaji hospitali moja huko Dar, na asubuhi ya kesho yake baada ya safari alitakiwa awe mezani kwa daktari. Akiikosa siku hiyo, foleni ilikuwa ya miezi. Nikasema, kwa basi hapana, mama yangu hatatikiswa mchana kutwa kama gunia la kahawa. Atapanda ndege, na mke wangu atakwenda naye. Nikakata tiketi mbili. Ukoo mzima wa mke wangu ulinipa heshima yangu.

Mama mkwe alikubali kwa sharti moja, akalituma kupitia kwa binti yake: "Mwambie mwenzio, mimi si mzigo wa kuangushwa mlangoni. Baba yenu ataniombea pale pale pa kuachania. Nisipoagwa, sipandi. Kama ni kufa huko juu, nife nimeagwa."

Nani angekataa? Tatizo ni kwamba anayeomba ni baba mkwe, mwinjilisti mstaafu, na sala yake inajulikana kuanzia Mbozi Mission hadi Ileje. Akina mama wa kanisani walikuwa wakibandika maharage anapoanza, wakiyaipua anaposema Amina, na maharage yameiva.

Tuliondoka Vwawa mapema. Baba mkwe mbele na mimi, amevaa koti lake la Pasaka. Nyuma mke wangu, na mama mkwe nyuma yangu kabisa. Kwetu mwanamume hamkazii macho mama mkwe wake wala hazungumzi naye uso kwa uso, kwa hiyo nilikuwa nimekigeuza kioo cha ndani kikatazama dari. Nimeendesha Prado yangu hivyo njia nzima, sijui nyuma kuna nini, na sikugusa hata baiskeli ya mtu. Waliosomea udereva wajaribu.

Getini tulimkuta binti mmoja nadhifu kwenye kibanda cha kioo.

"Shikamoo baba. Mnashusha au mnaegesha?"

"Marahaba. Kushusha kunalipiwa?"

"Dakika kumi ni bure, baba. Zikizidi unalipa saa nzima, unapotoka." Akanipa kadi.

Hapo nilitikisa kichwa kwa heshima ya kikazi. Unapotoka! Mimi miaka yote pale stendi nililipisha watu wakiingia, wakabisha, wakageuza, wakaenda zao. Hawa wanakukaribisha kwa tabasamu, unaingia mwenyewe, halafu bei unaikuta nyuma yako imeshafunga mlango. Kweli elimu ina faida yake. Ila nikajiambia, dakika kumi za bure ni za wajinga kuzidisha. Mimi zitanitosha na chenji itabaki.

Nikasimama mbele ya jengo. Baba mkwe akavua kofia.

"Baba," nikamwambia, "hapa wanapenda sala fupi."

"Nani anapenda?"

"Wenye uwanja."

"Wao ndio wanaoombwa?" Akafumba macho, akaanza. Alianza na uumbaji. Alipofika kwa Nuhu nikatazama saa, nikaona Nuhu bado anatafuta mbao na dakika zangu zimebaki mbili. Kumkata mzee sala haiwezekani. Kumwambia mama mkwe "shuka haraka" ndiyo kabisa, hata mdomo ungepinda. Basi akili ya Tunduma ikafanya kazi. Nikaingiza gia taratibu, gari likaondoka na sala ndani yake.

Nikafika getini kutoka, nikarudisha kadi, mti wa kuzuia magari ukainuka, bure. Nikageuzia pale nje penye wauza ndizi, nikaingia tena.

"Karibu tena baba," akasema yule binti. "Mmesahau kitu?"

"Hapana mwanangu. Nashusha." Nikapewa kadi mpya na dakika nyingine kumi, zangu, halali kabisa. Nawaambieni, nilijiona kama siku ile nilipopata zabuni.

Ubaya ni kwamba baba mkwe alisikia sauti ya binti, akafumbua macho, akasalimia, na mtu akishakatizwa sala haendelei alipoachia. Akaanza upya, na uumbaji wote.

Mara ya pili tukatoka sala imefika kwa Ibrahimu. Tulipopita tuta la getini, mama mkwe akamshika binti yake.

"Imeshapaa?"

"Bado, mama."

"Mbona inaruka?"

"Ni tuta, mama."

"Angani kuna tuta?"

Mke wangu akabanwa na kicheko au kilio, sikuona, kioo kilikuwa kinatazama dari. Tukaingia tena. Yule binti safari hii alikuwa amesimama nje ya kibanda chake.

"Baba, bado mnashusha?"

"Bado."

"Mnayemshusha ni nani, hataki?"

"Anaombewa."

Akainama akachungulia nyuma, akamwona bibi kizee amefumba macho, mikono imeshika kikapu. "Shikamoo bibi. Unasafiri na ndege ya saa hii?"

"Marahaba mwanangu," akajibu mama mkwe. "Ndiyo hapa Dar?"

Binti yule akanigeukia. Adabu ilikuwepo, ila ilikuwa imesogea pembeni kidogo. "Baba, kaunta inakaribia kufungwa. Wakifunga hawafungui, hata aje nani. Kadi nitakupa, hata ukitaka mia. Ila amua, unamsafirisha mama au unamzungusha."

Kabla sijamjibu, sauti ya mke wangu ikatoka nyuma, ile sauti ambayo huwa haitoki mbele ya wazazi: "Baba watoto. Simamisha hili gari."

Mtu aliyenizoea anajua kwamba sikuwa nimeshindwa. Njia nilikuwa nazo. Ningeweza kuwaacha nje ya geti watembee kwa miguu, kama tunavyopitisha mizigo Tunduma: unashusha huku, inavushwa kwa miguu, unapakia kule. Hesabu ile niliifanya kichwani nikaona mzigo wenyewe hauoni njia. Nikaenda mbele ya jengo, nikasimama, na nikafanya jambo ambalo halina faida hata moja kibiashara. Nikazima injini.

Baba mkwe akashuka, akazunguka, akamfungulia mkewe mlango. Mama mkwe akateremka akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wa mzee. Nikageuka nikatazama pembeni, kwa heshima ya ukweni, ila masikio hayana pa kugeukia.

"Sasa hatuendi tena?" akauliza mama mkwe.

"Tumesimama," akasema mzee.

"Basi niombee. Ila Nuhu muache, tulishamsikia."

Mzee akacheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka mbele ya mkewe. Kisha akamwekea viganja vyake juu ya macho, na akaomba. Si kwa muda mrefu. Wala hakutumia yale maneno ya mimbarini, aliomba kwa Kinyiha chetu cha nyumbani, taratibu, kama mtu anayemweleza jirani mahali shamba linapoishia. Alisema huyu ndiye aliyekuwa akimwonyesha kifungo cha koti kikikaa tundu lisilo lake. Alisema, mrudishe anione nilivyozeeka, anicheke. Mfanyakazi wa uwanja aliyekuja kutufukuza akakuta hali hiyo, akavua kofia yake naye, akasimama.

"Amina," tukasema, pamoja na yule mfukuzaji.

Mke wangu akamshika mama yake mkono wakaingia haraka. Pale mlangoni mama mkwe akageuka kutuaga. Akapunga mkono kwa bidii kulielekea gari la zimamoto. Baba mkwe akampungia pale pale aliposimama, mkono ameunyoosha juu, mpaka mlango ulipojifunga.

Hatukuondoka hapo. Mzee alisema anataka kuhakikisha ndege kweli inaondoka na mtu ndani yake, tukangoja mpaka ikapaa na kupotea juu ya milima. Mimi nilimweleza inavyokuwa kule ndani, namna ya kufunga mkanda, soda inavyokuja. Alisikiliza yote. Aliniuliza kama mtu asiyeona wanampa nafasi ya dirishani. Nikamwambia nilimkatia ya dirishani. Akasema, "Vizuri. Ya kurudi pia ikate hiyo hiyo."

Getini nikarudisha kadi. Mti haukuinuka. Binti akataja bei ya saa nzima, na alinitazama akitegemea ugomvi, maana watu wa geti tunawajua wagomvi kwa magari yao. Nikalipa. Nikadai risiti, nikamwambia aigonge muhuri vizuri, wino ulikuwa hafifu. Kazi ni kazi.

"Umelipia nini pale, mkwe?" akauliza baba mkwe.

"Amina, baba."

"Inauzwa?"

"Ile ya haraka ni bure. Yetu imezidi."

Mzee akavaa kofia. "Basi jiandae," akasema. "Leo tulikuwa tunaomba tu. Akirudi anaona, hapo tutashukuru. Na kushukuru, mwanangu, hakuendi kwa haraka kama kuomba."

Mti ulikuwa umeshainuka na gari la nyuma linapiga honi. Nikateremsha kioo tena, nikamwita yule binti, nikamwuliza bei ya siku nzima.