Kapteni Aliyeniita Omena

Muhula mzima kapteni wa maabara ya kompyuta, hapa shuleni kwetu Homa Bay, alinifanya kichekesho. Kwa sababu natoka kisiwa cha Takawiri, kwa wavuvi wa omena, wale dagaa wa ziwani wanaoanikwa juani, alikuwa akidaka ujumbe njiani, kati ya kompyuta yangu na seva inayotunza majina yetu, anaubadilisha, na skrini inaniandikia, "Karibu, Omena." Darasa linaangua kicheko.

"Omera, leo umeanikwa wapi?" ananiuliza, akiniita "ndugu" kwa Kijaluo.

Nikaanza kusoma kuhusu seva. Kisha nikamwambia mwalimu wa kompyuta kwamba seva yetu inapokea hata ujumbe usio na sahihi ya kidijitali, ile alama inayothibitisha kwamba haukuguswa njiani.

"Basi rekebisha," akasema.

Nikapita kompyuta zote nikiziamuru zitie sahihi, halafu nikaiamuru seva ikatae yoyote isiyotia. Ya kapteni niliiruka, tena kwa roho safi kabisa.

Ijumaa mwalimu mkuu akaja kuona maabara. Sote tukaingia, kasoro mmoja. Kapteni aliandika nywila mpaka jasho likamtoka.

"Seva imeharibika, Mwalimu!"

"Mbona wenzako wameingia?" mwalimu mkuu akauliza.

Nikamwinamia sikioni. "Omena yuko ndani, omera. Leo unaanikwa wewe."