Kamera ya Kulinda Chapati

Baba alikuwa akibeba twiga. Twiga wa mti, waliochongwa na wenzake wa kikundi cha wachongaji, warefu hivi kwamba wakishapangwa ndani ya gari lake la mizigo, kioo cha ndani hakikuonyesha kitu ila shingo. Shingo na masikio. Mtaa wote wa Jericho ulijificha nyuma ya hizo shingo, na karibu kabisa na mahali alipoegesha, chini ya dirisha letu, kilijificha kibanda cha mama wa chapati.

Baba alikuwa amekigonga mara mbili. Kwanza aliangusha nguzo, kisha akaangusha jiko. Siku ya jiko, yule mama alikuja mlangoni kwetu akiwa na unga hadi viwikoni.

"Shemeji, wanyama wako sina neno nao. Lakini ukinigonga tena, naenda kwa wazee wa mtaa. Utaegesha huko mbali Kariokor, twiga uwalete kwa miguu."

Hakuwa anatania, na wazee walipenda chapati zake. Baba alikosa hamu ya ugali. Alikuwa mtu wa kufungua pazia alfajiri kuliamkua gari lake kabla hajatuamkua sisi.

Wokovu uliletwa na mjomba wangu, fundi wa redio pale sokoni, ndani ya mfuko wa karatasi: kamera ya ulinzi kutoka duka lililofungwa. "Matajiri wanalinda pesa," alisema. "Sisi tutalinda chapati."

Televisheni ilikuwa yetu, ile ndogo isiyo na rangi, inayotumia betri ya gari. Mama aliivua kitambaa chake cha kufuma polepole, kama anayemvua mtoto koti.

"Mkiiharibu, jioni nitakuwa nawatazama nyinyi."

Mjomba aliivika kamera kopo la maziwa ya unga isinyeshewe, akaifunga nyuma, juu ya nambari ya gari. Tulipitisha waya chini ya kapeti, tukauunga na ule wa taa ya rivasi, inayowaka gari likirudi nyuma tu, na televisheni tukaikaza juu ya dashibodi kwa vipande vya mpira wa gurudumu. Mama wa chapati akapanda kando ya dereva bila kukaribishwa. Baba akatia rivasi.

Kioo cha televisheni kikameta kijivu, kisha likatokea jiko, na sufuria ya chai ikifuka.

"Woi! Hilo ni langu!"

Jiko lilionekana upande wa kulia. Baba akalikwepa kwa uangalifu mkubwa, na kadiri alivyolikwepa ndivyo lilivyonenepa. Mama na mimi, tuliokuwa nje, tulipiga bodi ya gari kwa viganja. "Simama! Simama!" Gari lilisimama likiwa karibu kuibusu nguzo.

Yule mama alichungulia dirishani, akageukia televisheni. "Hii ni ya uongo. Jiko langu liko huku kushoto kwangu, hapa limehamia kulia!"

Mjomba alijikuna, kisha akaipindua kamera juu chini. Kushoto kukarudi kushoto, ila sasa jiko lilining'inia kutoka mbinguni na mvuke wa chai ukawa unashuka.

"Sasa niendeshe nimesimama kwa kichwa?" baba akauliza.

"Huyu maisha yake yote ametazama nyuma kwa kioo," mama akasema. "Mpeni kioo chake."

Akaamuru kamera irudishwe ilivyokuwa. Televisheni akaibeba mwenyewe, akaiweka juu ya kreti nyuma ya viti, ikiwaegemea twiga magotini, uso wake ukielekea mbele. Baba akainua macho kwenye kile kioo kidogo cha juu, na tukaona mabega yake yakishuka. Jiko lilikuwa kushoto, limetulia chini. Akarudi nyuma taratibu akipiga mluzi wa wimbo wa kanisani, akakipita kibanda, akasimama chini ya dirisha letu.

Tulimngoja mama wa chapati aseme. Alikuwa amegeuka kitini, uso umeikaribia televisheni.

"Gari libaki hapa," alisema.

Baba akashika ufunguo kuzima injini.

"Hebu ngoja kwanza, shemeji, usizime!"

Ndani ya televisheni, mwanamume alikuwa amefunua sinia na kuanza kuzipekua chapati moja moja. Mama wa chapati akatoa kichwa dirishani.

"Wewe! Nakuona! Chukua hiyo ya juu!"

Mteja akarudisha mkono, akatazama huku na huku, kisha akatazama juu mbinguni.