Sauti za Clarrie Zilizokuwa Kwenye Pipa la Taka

Mume wangu amekufa mara mbili.

Mara ya kwanza ni moyo. Mara ya pili aliuawa na Neville, saa nne asubuhi, kwa kidole kimoja, mbele ya watu thelathini na wanne walioshika vikombe vya chai.

Naitwa Valmai. Nina miaka sabini na tatu, naishi bonde la Huon, huku Tasmania, kwenye shamba la matufaha. Nasimulia haya bila kujisafisha, maana mwisho wake mimi si mtakatifu.

Mjini kwetu kila Jumanne kuna mhadhara wa kompyuta kwa watu wa kawaida, pale kwenye ukumbi wa kina mama wa mashambani. Neville, fundi simu mstaafu, wakati huo alikuwa amefundisha bure miaka kumi na mitano. Leo barua pepe, wiki ijayo matapeli, wiki nyingine picha. Kila mtu anakuja na sahani ya kitu cha kula. Birika kubwa la chai analijaza Neville mwenyewe, na ole wako uliguse.

Siku hiyo somo lilikuwa kusafisha kompyuta. Akaomba mtu wa mfano.

Nikanyoosha mkono, kiherehere mimi.

Akaunganisha kompyuta yangu na projekta. Ukuta mzima ukaonyesha mambo yangu.

"Jamani, mwoneni huyu mama! Pipa la taka limefurika. Val, hata nyumbani kwako hutoi takataka?"

Ukumbi ukacheka. Na mimi nikacheka.

Akabonyeza. Pipa likawa tupu.

"Neville," nikasema, "rudisha."

"Nirudishe nini?"

"Sauti za Clarrie. Zilikuwa humo."

Miaka yake miwili ya mwisho, Clarrie mume wangu mikono ilimgoma kuandika, akawa anairekodi sauti yake kwenye kompyuta. Jinsi ya kupogoa miti. Ugomvi wake na mbwa. Mara nyingine ananiita tu, "Val, chai iko wapi?" Macho nayo yalikuwa yamechoka, na kwenye kioo kile picha pekee aliyoiona vizuri ilikuwa ya pipa. Basi kila alichorekodi alikitupia humo, akijua atakikuta.

Alipofariki nikaacha kila kitu palepale. Kila asubuhi natoa sauti moja, namsikiliza, nairudisha pipani. Zilikuwa arobaini na tatu.

Mtu wa nyuma akadakia, "Sasa nani anaweka kitu cha maana kwenye pipa la taka?"

Wakacheka tena. Neville uso ulimshuka, lakini mdomo haukutulia. "Ndiyo maana nawaambia kila wiki, wekeni nakala."

Nilitoka bila kuaga. Kompyuta niliiacha mezani. Jirani yangu Noreen, mwenyekiti wa ukumbi, ndiye aliyeniletea kesho yake.

Usinione mzee. Nilimchukia Neville kwa mwili mzima. Nilimchukia nikiosha vyombo, nikilisha kuku, nikisali.

Nikajiapiza: nitamfuta kama alivyonifuta.

Nikaanza kwenda Huonville kila Alhamisi, maktaba, kwenye mihadhara yao. Somo la kwanza nililolishika vizuri ni kumblok mtu, yaani kumzuia asikupate. Nikamblok Neville kwenye simu, nikamblok kwenye barua pepe. Alikuja nyumbani mara mbili. Nilimwona dirishani, nikazima redio nikakaa kimya mpaka akaondoka.

Nikajifunza mafaili yanakaa wapi. Nikajifunza kwamba ukifuta kitu, hakiondoki saa ileile. Kinabaki kwenye diski mpaka kitu kingine kije kikalie nafasi yake. Hilo nililiandika kwenye daftari bila kujua litanifaa nini.

Mwaka ukapita. Wakatangaza sherehe ya miaka kumi na sita ya mihadhara ya Neville. Wanakuja watu wa bonde zima, na diwani.

Nikasema, leo ndiyo leo.

Niliingia na sahani ya keki za nazi. Neville akaniona, akaja mbio.

"Val! Mama wee, nimekutafuta mwaka mzima. Sikiliza, nina..."

"Birika halina maji," nikamkata.

Akageuka, akaenda jikoni. Nilimjua udhaifu wake.

Kompyuta yake ilikuwa mezani, wazi. Mtu anayewafundisha watu kufunga kioo kila wakinyanyuka! Projekta ilikuwa bado haijawashwa. Watu walikuwa wanahangaika na sahani zao.

Nikakaa. Folda lilikuwa moja tu, limeandikwa "Mihadhara". Sikulifungua. Nikalifuta. Nikafungua pipa, nikalimwaga.

Nilisikia raha. Nikaenda kukaa safu ya tatu, nikala keki yangu mwenyewe.

Neville akasalimia watu, akawasha projekta. Ukutani hakuna kitu. Akatafuta huku, akatafuta kule.

"Folda langu silioni," akasema. "Sijui nimeliweka wapi."

"Nakala huna?" diwani akamuuliza.

Neville akawa mwekundu. "Sina."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwenyewe nikacheka mpaka machozi. Utamu wa siku hiyo siwezi kuueleza.

Kisha akasema, "Mihadhara si kitu, ninayo kichwani. Kinachoniuma ni kingine. Mwaka jana nilimfutia Valmai sauti za marehemu mumewe, nikamcheka. Alipotoka niliinakili diski yake yote. Nimehangaika nayo miezi saba, nikazipata zote, arobaini na tatu. Nimempigia, nimemwandikia, nimegonga mlango. Nikasema basi, nitamkabidhi leo, mbele ya hawahawa waliomcheka. Ndiyo nikaziweka kwenye folda hilo."

Nikairudisha keki sahanini.

"Kwako hujabakiza?" Noreen akauliza.

"Nilifuta. Ni sauti za mume wa mtu, hazikuwa zangu kukaa nazo." Akajifuta uso. "Haya, tusiwachoshe wageni."

Noreen akampa flashi. "Kuna filamu ya sherehe humu, saa nzima. Inakili kwenye mashine yako tuanze nayo, wewe utulie."

Neville akaichomeka.

Hapo nikalikumbuka daftari langu la Huonville. Filamu ya saa nzima, kwenye diski ileile. Itakwenda kukalia wapi?

Nikinyamaza, hakuna atakayejua milele. Nikisema, bonde zima litanijua mimi ni nani.

Kidole chake kilikuwa kinashuka.

"Usinakili!" Nilipiga kelele mpaka sahani ikaanguka. "Neville, usiguse kitu! Zima!"

Akachomoa flashi, akazima mashine.

"Nimelifuta mimi," nikasema. "Ulipokwenda kujaza birika."

Noreen akakaa chini.

"Na pipa ukamwaga?" Neville akauliza.

"Nikamwaga."

"Nani alikufundisha kumwaga pipa, Val?"

"Wewe."

Hakuna aliyecheka.

Alikaa na ile mashine wiki tatu. Sikulala sawasawa hata siku moja. Siku ya ishirini na mbili akaja, akagonga, na safari hii nilifungua kabla hajamaliza kugonga. Akaweka flashi tatu mezani, zote zenye kitu kilekile.

"Kumi na moja," akasema. "Nyingine zimekwenda. Mihadhara yangu haikurudi hata mmoja."

Sauti thelathini na mbili za mume wangu nimezifuta mimi, kwa mkono wangu, huku nikifurahi. Hilo silisingizii mtu. Ningemwacha siku ile amalize sentensi yake, ningekuwa nazo zote.

Wewe unayesoma, weka nakala mahali patatu. Na ukiwa na hasira na mtu, kasirika upendavyo, ila mwache kwanza aseme alichokuja kukwambia.

Siku hizi Jumanne namsaidia kuandika mihadhara yake upya. Kumchukia nimeacha. Kumpenda bado.