Mtihani wa Mwalimu Mwandawiro

Pale Voi, ukiuliza watu wazima nani aliwafundisha kuendesha gari, nusu yao watakutajia Mwalimu Mwandawiro. Miaka thelathini na minne alikaa kiti cha kushoto, mguu tayari kwenye breki ya pili, ile ya mwalimu, na hakuna aliyetoka mikononi mwake kabla hajaiva. Wengine walilia. Yeye aliwaambia tu kwamba machozi hayamzuii ng'ombe kukatiza barabara.

Sasa ana miaka sabini na minane, na pikapu yake imechubuka kila pembe. Mkewe, Fridah, ameshasema mpaka koo limekauka: acha kuendesha, macho yamechoka. Thubutu! Aache, na kila Jumamosi ni yeye anayempandishia dada yake mitungi ya maji kule mlimani Sagalla?

"Nitaacha siku nikifeli mtihani," akasema. "Na anipime mtu anayejua kazi."

Fridah akampigia simu Tryphena, mwalimu wa sasa pale kwenye shule ya udereva, ambaye mzee alimfundisha mwenyewe. Mzee akatabasamu. Tryphena si kama mtoto wake?

Asubuhi wakatoka na gari la shule, mzee kwenye usukani, shati limenyooshwa pasi. Kuliondoa gari lililosimama mlimani, safi. Kurudi nyuma kati ya vigingi, safi, tena kwa mkono mmoja. Akaanza kupiga mluzi. Walipokaribia soko, gari likasimama ghafla, na bodaboda iliyopakia mama na mtoto ikapita mbele yao.

"Nani ameshika breki?"

"Ni mimi, Mwalimu."

"Ile pikipiki imetokea wapi?"

"Kushoto. Ilikuwa inaonekana tangu mbali."

Hakuiona. Hata kivuli chake hakukiona. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Aliyewafelisha watu miaka yote leo ilikuwa zamu yake. Akaegesha kando, akazima injini. Tusidanganyane, iliuma. Alimfikiria dada yake na mitungi mitupu, akamfikiria yule mtoto kwenye pikipiki. Kisha akamgeukia Tryphena. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, lakini hakuyainamisha.

"Sema matokeo, mwalimu," mzee akasema.

"Umefeli, Mwalimu. Samahani."

"Mtihani hauombewi samahani."

Wakabadilishana viti, Tryphena akamrudisha nyumbani. Fridah alikuwa mlangoni, anaogopa kuuliza. Mzee akashuka, akamkabidhi Tryphena ufunguo wa pikapu mbele ya mkewe.

"Amenifelisha," akasema, kifua mbele, kama mzazi anayetangaza mtoto wake amepita. "Mimi, niliyemfundisha! Hakunionea haya hata kidogo. Maji ya Sagalla yatapanda na huyu. Nimefundisha watu wengi, Fridah, lakini leo ndiyo nimeiona kazi yangu."