Nilivyomkuta baba mkwe kwenye foleni ya vocha ya mboga, Kisumu Ndogo

Wakuu, salaam. Haya yamenitokea mwenyewe hapa Malindi, na mke wangu kayasoma kabla sijayaweka, kwa hiyo hata nikitaka kutia chumvi siwezi.

Mimi ni fundi rangi, mkaazi wa Shella. Napaka nyumba za wageni. Ikifika low season, wageni wakiisha, kazi hukauka, na safari hii ilikauka mke wangu Zuhura akiwa na mimba kubwa.

Kliniki wakamwambia damu imeshuka, ale mboga za majani na matunda kwa wingi. Tukatazamana. Nyumbani siku hizo ni wali mkavu na chai ya rangi.

Bahati nzuri akaingizwa kwenye mpango wa serikali wa vocha. Kwa wasioujua: ukinunua fungu la mboga au matunda, serikali inakulipia fungu jingine. Muuzaji anaingiza namba yako kwenye simu yake, meseji ikirudi unaongezewa. Mwanzo vocha ilikubalika kwenye duka moja tu kubwa la mjini. Sasa wameupanua hadi kwa mama mboga wa mitaani.

Hapo Shella kibanda chenye vocha kipo, tena karibu na kwangu. Lakini ndipo wazee wa mtaa wanapokaa kunywa kahawa! Nisimame pale mbele yao nikingoja mchicha wa serikali? Nikaona heri nitembee hadi mtaa mwingine, Kisumu Ndogo, nisikojulikana.

Nikafika kwa Mama Kanini, mama mboga wa Kikamba mwenye sauti kama kengele. Mbele yangu kwenye foleni kuna mzee wa kanzu, kofia kaishusha hadi kwenye nyusi.

Akageuka. Baba yake Zuhura!

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Wafanyani huku?"

"Nimekuja kutazama kazi ya rangi, baba."

"Ahaa. Mimi nimekuja kumjulia hali rafiki yangu, mgonjwa."

Basi tukasimama, yeye na mgonjwa wake, mimi na rangi yangu, sote tukikodolea nyanya macho.

Ndipo Mama Kanini akapaza sauti mtaa mzima usikie: "Mzee, vocha yako imekubali! Chagua fungu la pili! Na wewe hapo nyuma, kadi ya kliniki naiona mfukoni, leta namba ya mama mtoto!"

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Kumbe kicheko! Alicheka hadi akashika nguzo ya kibanda, nami nikashindwa kujizuia, nikacheka.

Niwaeleze kidogo. Mzee huyu, naye mkaazi wa Shella, analea wajukuu aliowachiwa na marehemu shemeji yangu. Hatujapata kumsikia akisema kapungukiwa. Nasi habari ya damu ya Zuhura tulimficha, tusimtie hofu.

Tukarudi pamoja kwa miguu, kila mtu na mchicha wake kwapani. Njiani nikamweleza waliyosema kliniki.

"Mwanangu akosa damu, nami babake sijui?" akaniuliza.

"Na wewe baba, watoto washindia nini, nasi hatujui?"

Akanishika mkono, tukaenda hivyo hivyo hadi Shella.

Wiki iliyofuata alinipitia mwenyewe, akanipeleka kwenye kibanda kile kile cha hapa mtaani. Akawasalimu wazee wa kahawa kwa sauti, akaitisha fungu lake na la vocha. Hakuna aliyecheka. Mmoja wao alinivuta pembeni akaninong'oneza: "Hebu nambie, hiyo vocha watu huandikishwa wapi?"

Zuhura alikula mchicha wa nazi na mapapai hadi akasema ataota majani. Damu ikapanda. Amejifungua salama, mtoto wa kike, na babu yake ndiye aliyemwadhinia sikioni.

Nilichojifunza wakuu: tulikuwa familia moja, kila mmoja na shida yake mfukoni, tukikwepana njiani. Shida tungeisema mapema ingepungua.

Kwenu vocha imeshafika kwa mama mboga, au bado ni ya duka kubwa? Na kama kuna mwingine aliyewahi kukutana na mkwe mahali alipojificha, asinicheke mimi tu, naye aseme.