Kinu cha Agnes Siku ya Kupalizwa

Kigango chetu, juu ya bonde la Mgeta, hakikuwa na kengele. Kengele ilikuwa sauti ya Agnes. Kila Jumapili na kila sikukuu, kwa miaka kumi na mmoja, alisimama kwenye jiwe mbele ya kanisa la nyasi akaita kwa wimbo, na waliomsikia wakashuka. Asiposikika, desturi ilitaka mtu wa nyumba yake aje mbio kumtazama, kwa maana milimani kimya ni ugonjwa au kifo.

Mwaka 1916 vita vya Wazungu vilitufikia. Wajerumani walikuwa wakirudi nyuma, na askari wao walipanda milimani kutafuta mahindi, maharage na vichwa vya kubebea mizigo. Severini, mume wa Agnes, alikuwa amekwisha kubebeshwa mara moja. Alirudi baada ya miezi mitano, bega limeoza, kifua kinapiga filimbi. Mara ya pili asingerudi. Hilo kila mtu alilijua. Kwa hiyo yeye na wenzake, wanaume kwa wanawake, walilala kwenye msitu wa mianzi ng'ambo ya korongo.

Ilipokaribia Sikukuu ya Kupalizwa Mama Maria, wazee walisema mwaka huu ipite kimya. Agnes akakataa.

"Wamechukua mahindi," alisema. "Wamechukua mbuzi. Sasa tuwape na sikukuu, tena wasiyoiomba?"

"Wewe dada ungetuimbisha hata tumboni mwa simba," alisema Rosa, jirani yake.

"Humo ndimo mwa kuimba."

Wakakubaliana. Jua likigusa jiwe, Agnes ataita, nao watashuka.

Asubuhi hiyo alikwenda peke yake kufagia kanisa. Ndani aliwakuta askari sita wamekalia magogo ya waumini. Mkubwa wao, shaushi, alikuwa na kiboko magotini.

"Karibu, mama," alisema. "Tumeambiwa wewe ndiye kengele ya hapa. Jua likifika utaita, kama siku zote. Nataka wanaume ishirini tu."

Agnes aliona njia mbili, na zote zilikwenda shimoni. Akiita, watashuka wote, na ni yeye aliyewashawishi. Asipoita, wa kwanza kuja mbio atakuwa Severini.

Jua lilikuwa limeshika mlima wa pili. Aliwatazama askari. Mashavu yao yalikuwa yamebonyea, na mmoja alikuwa akitafuna mahindi makavu toka mfukoni. Kisha macho yake yakaenda uani kwake, hatua chache kutoka kanisani, kwenye kinu alichokilaza kifudifudi jana jioni. Vinu vyote vya kigango kile vililazwa hivyo. Siku ya Bwana na siku ya sikukuu hakuna aliyetwanga. Agnes mwenyewe ndiye aliyelisimamia jambo hilo kwa ukali. Mwaka juzi alimtoa Rosa kwenye kwaya mwezi mzima kwa mapigo machache ya Jumapili, mtoto wake akilia njaa.

"Bwana shaushi, watu wako wana njaa," alisema. "Jua bado. Nipeni hayo mahindi niwatwangie."

"Ukimbie?"

"Na kinu kichwani?"

Askari wakacheka. Yule wa mahindi alikuwa amekwisha kusimama na mfuko wake.

Agnes alikiinua kinu. Moyoni alisema: Mama, leo naivunja sikukuu yako, itengeneze wewe. Akashusha mchi, na mshindo ukavuka korongo. Akashusha tena. Kisha akaimba, wimbo uleule wa Maria wa siku ile, kwa mwendo wa mchi.

Wapo wasomi wanaosema furaha ya Mkristo ni dawa ya usingizi tuliyoletewa na wageni. Wangesimama uani pale. Mwanamke yule hakuwa amelala.

Kwenye mianzi, Rosa aliinua kichwa. "Huyo Agnes."

"Anatwanga," alisema Severini, naye akasimama. "Agnes hatwangi leo. Bora afe."

"Basi hajafa." Rosa alimkamata shuka. "Kaa hapa, shemeji. Yuko hai, na yuko mtu anayemtwangisha. Tupande juu."

Agnes alitwanga huku akiutazama msitu. Jua likashuka mlimani hadi kwenye miti ya kahawa, hadi kwenye njia. Kibaba cha kwanza kikaisha. Katikati ya kibaba cha pili ndege wakaruka kutoka kwenye mianzi. Wakaruka tena, juu zaidi, mahali ambapo hapiti mtu ila anayekwenda mbali.

Jua likagusa jiwe. Shaushi akasema, "Sasa ita."

Agnes akapanda jiweni akaita beti zote, kwa furaha yake yote, kwa maana sasa ilikuwa halali. Hakuna aliyeshuka.

"Mbona hawaji?"

"Nimeita, bwana. Umesikia mwenyewe."

Alichapwa viboko kumi. Kisha akatwishwa sanduku la risasi, akashuka nao kuelekea Rufiji.

Alirudi baada ya miezi miwili, Jumamosi jioni, amekonda, vidole viwili vya mguu vimeliwa na funza. Severini alimpokea uani. Kinu kilikuwa kifudifudi, majani yameota kukizunguka.

"Mmekula nini siku zote hizi?" Agnes aliuliza.

"Tulitwangia kwenye kinu changu," alisema Rosa, akifuta machozi kwa kiganja. "Hiki nani angekigusa? Na wewe, dada, utatoka kwenye kwaya mwezi mzima."

"Miwili," alisema Agnes. "Nilitwanga vibaba viwili."

Akaitumikia miezi yote miwili, amekaa gogo la nyuma, kinywa kimefungwa. Lakini kuita hakuna aliyemnyang'anya. Kesho yake tu baada ya kurudi, jua lilipogusa jiwe, aliita kwa sauti iliyokwaruzika, nao wakashuka, Severini mbele.