Skrini ya Kijani na Mama wa Ijumbi

Kazi yangu ni kuangalia. Shangazi zangu wa Buhembe wakiniuliza nafanya nini huko mjini, huwaambia naangalia kompyuta, nao huguna, kana kwamba wanauliza: kuangalia nako ni kazi? Shirika letu linaendesha zahanati kadhaa za Bukoba na Muleba, na kumbukumbu zote za wagonjwa hupita kwenye programu moja kubwa iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta ya Java. Programu hiyo inakaa kwenye seva iliyo katika chumba cha nyuma cha ofisi yetu pale Miembeni, na mimi ndiye ninayepima inavyokwenda: inajibu kwa muda gani, imebakiwa na nafasi kiasi gani, imeelemewa au la. Vipimo vyote nilivikusanya kwenye skrini moja niliyoitundika ukutani. Mambo yakiwa mazuri, inakuwa ya kijani. Niliitengeneza mwenyewe, na niliipenda kupita kiasi.

Nina kasoro ambayo kwetu ina jina kabisa. Nshomile, ndivyo wanavyotutania Wahaya tunaojiona tumesoma. Zamani nilikuwa nacheka wakiniita hivyo.

Mwaka jana, wakati wa masika, alianza kunipigia simu karani wa kumbukumbu wa zahanati moja ya Muleba. Ni mama mtu mzima, rika la mama yangu, anakaa Ijumbi. Alisema akimwandika mgonjwa na kubonyeza kitufe cha kuhifadhi, mashine inakaa kimya muda mrefu, kisha kila alichoandika kinafutika na inabidi aanze upya. Foleni inarefuka, watu wanamnung'unikia. Mara ya kwanza nilimsikiliza. Mara ya pili nilimwambia awe na subira. Mara ya nne nilikuwa na njaa, na njaa yangu ni jirani wa hasira. Nikageuza kiti nikatazama ukuta.

"Mama, hapa kwangu kila kitu ni kijani," nilimwambia. "Labda unabonyeza mara mbilimbili."

"Haya, waitu, nitajaribu polepole," akasema, kwa ile heshima yetu ambayo mtu haiachi hata anapoonewa.

Baadaye mkuu wangu aliona mapengo kwenye kumbukumbu za zahanati ile, akaniomba ripoti. Niliandika nusu ukurasa. Wastani wa seva kujibu ni chini ya sekunde moja. Mfumo hauna tatizo. Tatizo linaonekana kuwa kwa mtumiaji. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyomwondoa. Nilisikia kwamba ripoti ilisomwa mbele yake kwenye kikao, neno kwa neno, na alipoulizwa kama ana la kusema, alisema hana. Mkataba wake haukuendelea. Mimi sikuwepo kwenye kikao hicho. Nilikuwa Miembeni, natazama kijani changu.

Nafasi yake alipewa binti mwenye stashahada ya kompyuta. Wiki ya pili binti akapiga simu: akibonyeza kuhifadhi, mashine inakaa kimya, kisha kila alichoandika kinafutika. Maneno yaleyale. Na hapa ndipo penye aibu yangu, naisema wazi: huyu nilimwamini palepale. Nilifungua logi, ule mlolongo wa mistari ambamo seva huandika kila ombi lililofika na muda lililochukua. Nilikuwa nayo siku zote. Sikuwahi kuisoma kwa sababu nilikuwa na grafu.

Zahanati za mjini zina wagonjwa wengi, na maombi yao yalijibiwa upesi. Ya zahanati ile ya Muleba yalikuwa machache, na kila moja lilikaribia dakika nzima. Kumbukumbu zake za zamani tulikuwa tumeziingiza bila faharasa, ile orodha inayoonyesha kila kumbukumbu ilipo, sisi wenyewe wa ofisini, kwa hiyo programu ilizipekua zote kabla ya kuhifadhi mpya, na mashine ya karani ikachoka kungoja ikafuta alichoandika. Machache yakichanganywa na mengi, wastani unabaki mzuri. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mimi nilikuwa nimewahesabu wote kuwa wameshiba. Kurekebisha kulichukua muda mfupi kuliko chai ya saa nne. Chai yenyewe ilinishinda.

Niliandika ripoti ya pili. Mkuu wangu aliisoma, akafurahi kwamba mfumo sasa unakwenda, akasema suala la yule mama lilishafungwa na binti ameshaizoea kazi. Nilimkasirikia njia nzima hadi nyumbani, kisha nikakumbuka ni nani aliyemwandalia maneno ya kulifungia.

Jumamosi nikaenda Ijumbi na kompyuta yangu mgongoni. Nilimkuta akianika kahawa kwenye jamvi. Alinipa kiti, akaleta kikapu kidogo cha akamwani, kahawa ya kutafuna anayopewa mgeni wa heshima. Hakujua mimi ni nani. Nilimwambia kwamba ndimi niliyeandika ile ripoti, na nilichokikuta kwenye logi, nikiwa bado nimezishika punje mkononi, maana sikuona haki ya kuzitia mdomoni.

Hakunikemea. Aliomba kuona. Nikafungua mistari ya zahanati yake, nikamsomea: Jumanne, saa tatu na nusu, sekunde hamsini na mbili. Dakika tatu baadaye, vilevile. Kisha tena.

"Huyo ni yule mama wa mapacha," alisema. "Nilimwandika mara tatu. Mtoto mmoja alikuwa na homa."

Nikasoma mwingine. Huyo alikuwa mzee wa kikohozi aliyechoka kusubiri akaondoka bila kuonwa. Nikasoma mwingine, naye akamjua. Machozi yalinitoka. Yeye alikuwa anangoja tu mstari unaofuata.

Nilipomaliza aliniambia kwamba kazi alishaiaga, haililii tena. Kinachomuumiza ni jumuiya, majirani anaosali nao kila wiki. Wote wanajua aliachishwa kwa uzembe, na tangu siku hiyo hawamwachii tena kuandika hata orodha ya michango ya msiba. Nikaahidi kumletea ripoti mpya ikiwa na saini yangu.

"Karatasi yako ya kwanza ilisomwa na watu wengine," alisema. "Hii utaisoma wewe."

Niliisoma wiki iliyofuata, uani kwa jirani yake, baada ya sala. Nilipofika kwenye neno wastani, baba mmoja akauliza maana yake. Nikaanza kueleza, nikajikuta nachora kwa kidole hewani. Yule mama akanisaidia, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Maana yake walituhesabu wote," alisema, "ila mimi hawakuniona."